Maswali ya Wasomaji: Barua Moja, Asilimia Tatu na Ngazi Tatu

Barua kuhusu ulemavu, kazi na biashara zimekuwa zikirundikana mezani kwetu, na mwezi huu tumezipa safu nzima. Majina tumeyaacha. Wanaojibu ni wanasheria wa kazi pamoja na mtaalamu wetu wa majengo.

Shikamooni. Nimefanya kazi miaka sita stoo ya kiwanda cha mikate. Mwaka huu nilikatwa mguu chini ya goti kwa ajili ya kisukari. Niliuguzwa miezi minne, nikarudi natembea na gongo moja. Siku ya tatu nikapewa barua kwamba kutokana na hali yangu ya kiafya, kazi ya stoo hainifai tena. Leo ni siku ya 11 tangu nipewe barua. Afisa utumishi ananipigia simu nikasaini, nichukue changu. Nifanyeje?
*Mtunza stoo, Mbagala*

Marahaba, na pole sana. Kabla ya sheria, kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Zimebaki 19. Siku hizo hazisimami eti kwa sababu bado mnazungumza na utumishi, wala hazianzi upya siku utakapolipwa. Wengi wanapotelea hapo: wanaambiwa "subiri bosi arudi safari", bosi anarudi siku ya 35.

Jambo la pili, hiyo karatasi ya kusaini. Isome mpaka mstari wa chini. Kama ina maneno ya aina ya "sina madai mengine yoyote", usisaini. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo usiyochukua ni haki yako hata usipokubali kuachishwa. Unaweza kuandika kwa mkono wako kwamba umepokea fedha hizo tu na kwamba unapinga kuachishwa, kisha ubaki na nakala.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inataja ulemavu kwa jina. Ukionyesha mwanzo wa ushahidi, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Barua yenyewe ni mwanzo mzuri, maana sababu wameiandika wenyewe. Mwajiri anao mlango mmoja wa kutokea, nao ni kusema kwamba sifa unayoikosa ni hitaji la lazima la kazi hiyo. Mlango huo ni mwembamba kuliko waajiri wanavyodhani.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri apime mambo kadhaa kabla ya kumwachisha mtu kwa ugonjwa au maumivu: chanzo chake, ukubwa wake, kama ni ya muda au ya kudumu, kama kazi inaweza kurekebishwa imfae, na kama kuna kazi nyingine ya kumpa. Tena anapaswa kukaa na mfanyakazi na kumsikiliza. Wewe ulipewa barua siku ya tatu. Nani alikuuliza chochote? Pia likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Miezi minne ni siku 120 na ushei. Huenda hata hizo hukuzimaliza.

Andika kazi yako ilivyo, saa kwa saa. Mfuko wa unga una kilo 50, lakini nani huubeba? Katika stoo nyingi hubebwa na wapakuzi. Mtunza stoo huhesabu, hulinganisha na hati ya mzigo, hujaza daftari na kutoa kwa fomu. Palipo pagumu kwako pengine ni rafu ya juu inayotaka ngazi, na kusimama muda mrefu mlangoni lori likishusha. Dawa yake ni kiti kirefu mlangoni, vitu vinavyotoka kila siku vishushwe rafu za chini, na mwenzako apande juu siku ya kuhesabu mali yote. Gharama ni kiti kimoja na asubuhi moja ya kupanga upya. Orodha hiyo ikiwa mkononi, maneno "kazi haikufai" yanabaki bila miguu.

CMA utajaza Fomu Na. 1. Hailipiwi. Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni matatu. La kwanza, kuandika jina la biashara lililoko kwenye bango badala ya jina la kampuni lililosajiliwa. Liangalie kwenye mkataba, hati ya mshahara au taarifa yako ya NSSF. La pili, kuipeleka CMA kabla ya kumpa mwajiri nakala. Mpelekee kwanza, agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na huo ndio ushahidi utakaoambatanisha. La tatu, kuandika kuachishwa peke yake na kusahau ubaguzi, au kuacha wazi sehemu inayouliza unataka nini. Unaweza kuomba kurudishwa kazini au fidia. Mkishindwa kupatana kwenye usuluhishi, shauri linaendelea kwenye uamuzi. Ukichelewa, Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda ipo, ila utaeleza ucheleweshaji huo siku kwa siku, na "nilikuwa naahidiwa" si maelezo yanayokubalika kirahisi.

Neno kwa wasomaji wengine: aliye chini ya miezi sita kazini hapati kinga ya kuachishwa isivyo haki, lakini kinga ya kutobaguliwa anayo tangu anapoomba kazi.

Nina kampuni ya usafirishaji wa mizigo, wafanyakazi 34. Nimeambiwa lazima niajiri walemavu asilimia 3. Nahesabuje? Na kwenye usaili naruhusiwa kuuliza nini?
*Mwajiri, Arusha*

Uliyoambiwa ni kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, kifungu cha 31, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Kwako ni 1.02, yaani mtu mmoja. Mwenye wafanyakazi 20 anapata 0.6, na kwa kuwa binadamu hagawanyiki, tunamshauri ahesabu mmoja. Wa pili kwako anakuja ukifika watu 67.

Kabla ya kutangaza nafasi, angalia ulionao. Dereva wako aliyepoteza kidole na usikivu wa sikio moja, karani mwenye kisukari kilichompunguzia kuona: ukiwarekebishia kazi na kubaki nao, huenda tayari unaikaribia sheria. Waajiri wanaoachisha watu kama ndugu yetu wa Mbagala, kisha wanatoka kutafuta "mlemavu wa asilimia 3", wanatuchosha kidogo.

Tangazo likiandika "awe na viungo kamili" au "afya njema ya mwili", limeshakuharibia. Andika kazi: "ataingiza hati 60 kwa siku kwenye kompyuta", "atapanda lori kukagua mzigo". Kwenye usaili usiulize mtu amepatwa na nini, tangu lini, au kama kunapona. Uliza atafanyaje kazi iliyotajwa, na uliza waombaji wote swali hilohilo. Kwenye barua ya kumwita weka mstari mmoja: "Kama unahitaji maandalizi yoyote siku ya usaili, tujulishe mapema." Mstari huo ndio unaokuokoa usikutane na ngazi za ghorofa ya pili asubuhi hiyohiyo.

Akija kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama analipwa na wewe, si na mwombaji. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni pa kuanzia kumtafuta. Mkalimani akae pembeni yako ili mwombaji awaone wote wawili kwa pamoja, nawe zungumza ukimtazama mwombaji. Usiseme "mwambie kwamba". Ongeza muda, maana kila sentensi inapita mara mbili. Usimtumie dada wa mwombaji kuwa mkalimani: atajibu kwa niaba yake, tena atajua mshahara wa kaka yake. Mtego mwingine ni jaribio la insha ya Kiswahili. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama na Kiswahili cha maandishi ni ya pili. Kama unatafuta karani wa hesabu, mpe hesabu.

Kuna wajibu mmoja ambao waajiri wengi hawajausikia: kifungu hichohicho cha 7 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Kurasa mbili tatu zinatosha kwa kampuni yako, mradi zitaje nani anafanya nini na lini. Siku ya mgogoro, mwajiri asiye na mpango huo huulizwa uko wapi.

Na tafadhali, asilimia 3 isiwe ya getini tu. Kampuni inayomweka kila mwenye ulemavu mapokezi au getini imetimiza hesabu na kuacha kazi.

Hamjambo. Mimi ni mhasibu wa shule ya kibinafsi, tuko 26. Sheria hiyo kwetu Kenya ikoje? Na mwalimu wetu anayetumia kiti cha magurudumu anasema asikatwe kodi. Ni kweli?
*Nakuru*

Hatujambo. Kenya ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mpya mwaka 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi. Kwenu ni 1.3.

Kuhusu kodi, mwalimu yuko sahihi nusu. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupata cheti cha msamaha cha KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Kinachozidi hapo kinakatwa. Njia yake ni uchunguzi katika hospitali ya serikali, usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha ombi la KRA kupitia iTax, mfumo wake wa mtandaoni, likiambatana na barua yenu ya mwajiri. Kadi ya Baraza peke yake haitoshi. Wahasibu wanaoacha kukata PAYE, kodi ya mshahara, kwa kuona kadi tu hujikuta wanadaiwa na KRA, na mwalimu anakatwa malimbikizo kwa mkupuo. Cheti kina tarehe ya kuisha, basi iweke kwenye kalenda yako.

Duka langu la dawa lina ngazi tatu mbele. Mteja wa kiti mwendo amenilalamikia. Fundi anasema atanijengea mteremko wa mita moja na nusu kwa sababu mbele hakuna nafasi. Utatosha?
*Mfamasia, Tanga*

Hautatosha, tena utaumiza mtu. Chukua futikamba. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa mteremko wa kiti mwendo ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. 45 mara 12 ni 540, yaani mita 5.4. Mteremko wa fundi wako ni 1 kwa 3.3. Anayeupanda peke yake magurudumu ya mbele yatanyanyuka aanguke chali, na anayeshuka ataishia barabarani kwenye bodaboda.

Mita 5.4 hazilazimiki kunyooka. Ulaze mteremko ubavuni mwa ukuta: ukipinda, fanya vipande viwili vya mita 2.7 vyenye kituo bapa katikati, sentimita 150 kwa 150, ili kiti kigeuke. Juu, mbele ya mlango, weka kituo kingine cha ukubwa huo. Mafundi hukisahau sana, na bila hicho mtu anavuta mlango huku kiti kinarudi nyuma. Upana uwe sentimita 120. Vishikio viwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 90, virefuke sentimita 30 kupita mwisho wa mteremko. Kingo za pembeni zinyanyuke sentimita 10 ili gurudumu dogo lisichomoke. Juu piga zege kwa ufagio likiwa bichi, mistari ikikata njia. Usikubali vigae. Vigae vinavyong'aa ni vizuri kwenye picha, lakini mvua ya Tanga ikinyesha ni sabuni.

Namna ya kumkagua fundi kabla hujamlipa: chukua mbao iliyonyooka ya sentimita 120 na pima maji. Weka ncha moja kwenye mteremko upande wa juu, inyanyue ncha ya chini mpaka pima maji isome sawa, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Ikiwa sentimita 10 au pungufu, yuko sawa. Ikiwa 15, bomoa. Rudia sehemu tatu, kwa sababu mafundi hupenda kuanza taratibu na kumalizia kwa mwinuko mkali.

Angalia pia chini unapoishia. Ukiishia kwenye mtaro uliofunikwa na nondo, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 1.3, na nondo zikate njia, zisiifuate. Vinginevyo gurudumu la mbele au fimbo nyeupe vitazama. Na kama eneo la mbele ni hifadhi ya barabara, pata kibali cha mamlaka inayosimamia barabara hiyo kabla ya zege, usije ukabomolewa kitu chema kwa kukosa karatasi.

Mbao za kuweka na kuondoa zinafaa ngazi moja tu: sentimita 15 zinataka ubao wa mita 1.8. Kwa 45 ni ubao wa mita 5.4, na huo si wa kubebeka tena. Wakati unajenga, weka kengele chini ya ngazi, kimo cha mita moja hivi, na mhudumu ashuke. Lakini hiyo ni ya muda. Mtu kueleza dawa anayotaka akiwa barabarani, wapita njia wakisikia, si huduma ya famasi.

Ndani, mlango uache upenyo wa sentimita 80 ukiwa wazi. Zingatia neno upenyo: mlango unaouzwa kama wa 80 haufikii 80 ukishatoa fremu na unene wa ubao, kwa hiyo nunua wa 90. Sehemu ya kaunta, upana wa sentimita 90, ishushwe mpaka kimo cha 75 hadi 85 na iwe wazi chini magoti yaingie. Choo cha wateja, kama unacho, kiwe na mlango unaofunguka nje, maana anayeanguka ndani huuzuia mlango unaofunguka ndani kwa mwili wake. Na tafadhali kisigeuzwe stoo ya ndoo na mifagio.

Kisheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kwenye ibara ya 9 unagusa pia huduma za watu binafsi zilizo wazi kwa umma. Duka la dawa liko humo.

Sioni. Nilikwenda kufungua akaunti, nikaambiwa nirudi na ndugu atakayesaini kwa niaba yangu. Ndugu yangu huyo ndiye ninayemficha hela!
*Mfanyabiashara, Mwanza*

Tumecheka, kisha tukakasirika. Ibara ya 12 ya Mkataba huohuo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kusimamia fedha zake mwenyewe sawa na wengine. Kutoona hakukuondolei uwezo wa kuingia mkataba.

Rudi na ombi la maandishi kwa meneja, likiwa na mambo matatu. Usomewe masharti yote kwa sauti na mfanyakazi wa benki, mbele ya shahidi unayemchagua wewe, ambaye atashuhudia usomaji bila kuwa mwenye akaunti. Usaini au uweke dole gumba mwenyewe, ukitumia kadi ngumu iliyokatwa dirisha la kukuonyesha mstari wa saini. Na namba ya siri uiweke wewe kwenye kitufe, ukianzia namba 5 yenye nukta ya kugusa, bila kuitamka. Omba jibu kwa maandishi. Wakikataa, waombe waandike sababu na kifungu wanachokitumia. Mara nyingi ombi hilo peke yake hupandisha faili kwa mtu mwenye akili. Lisipopanda, barua hiyo ndiyo utakayoanza nayo malalamiko Benki Kuu.

Nina ualbino. Nimeajiriwa kusimamia maegesho, juani saa nane kwa siku. Bosi anasema kofia ninunue mwenyewe.
*Dodoma*

Vifaa vya kujikinga na hatari ya kazi ni juu ya mwajiri, bila kukukata. Kwako jua ni hatari ya kazi kama mashine ilivyo kwa fundi. Omba kwa barua kofia ya ukingo mpana kuzunguka kichwa chote (kepu huacha masikio na shingo), shati la mikono mirefu, miwani ya jua, na mafuta ya kuzuia jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi yanayopakwa upya kila saa mbili. Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Muhimu zaidi ya mafuta ni zamu. Omba kibanda chenye kivuli, au zamu ya kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, katikati ukae ndani kwenye tiketi. Kama maandishi ya tiketi ni madogo, omba yachapwe makubwa. Weka nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Bosi akikuachisha kwa kuandika barua hiyo, siku 30 za CMA zinaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.